Majani ya kwetu yanashinda kiangazi cha Lubumbashi, na yanaweza kushika vumbi ya shaba

Kuanzia mwezi wa tano mvua inakatika Lubumbashi, na kwa kawaida hairudi vizuri mpaka mwezi wa kumi na moja. Katikati ya hapo ni miezi ya jua, upepo na vumbi. Katika malupango yenye gazoni ya kununua, hesabu ya maji inaanza mapema: bido mbili asubuhi, bido mbili magaribi, na siku robine ya REGIDESO haitoe kitu, mutoto anatumwa ku kisima. Kufika mwezi wa munane gazoni imekuwa na rangi ya kartoni, na mwenye lupango amechoka. Lakini inje ya ukuta, pembeni ya barabara, kuko majani ambayo hakuna mutu aliyanywesha hata kikombe kimoja. Yamekauka ku vichwa, lakini chini yangali hai. Mara nyingi yanaanza kutoa kijani hata mbele ya mvua ya kwanza.

Ni majani ya hapa kwetu. Watu wengi wanayaita tu majani ya bure, wanayangoa, wanayachoma, kisha wanatafuta franka za kununua mengine. Kuko sababu mbili za kuyaangalia upya. Ya kwanza ni maji na makuta. Ya pili ni nzito zaidi, na inagusa sana wale wenye kuishi karibu na viwanda na migodi: udongo mutupu, wenye hauna majani, ndio unageuka vumbi, na katika mitaa fulani ya Lubumbashi vumbi hiyo inabeba shaba na metali zingine.

Namna yanapita kiangazi

Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka inapata karibu milimita 1.200 ya mvua. Hiyo si mvua kidogo. Tatizo ni kwamba karibu yote inaanguka kati ya Novemba na Machi, na kisha mbingu zinafungwa. Mutu wa Bukavu, mwenye kuzoea kiangazi kifupi cha mwezi wa sita mpaka wa munane, anaweza kufika hapa na mbegu zake za maua na kushangaa kwamba zote zimekufa mbele ya Oktoba. Si kosa la mukono wake. Mimea yenyewe haikuzaliwa kwa kalenda ya huku.

Majani ya savana na ya pori ya miombo yalizaliwa kwa kalenda hiyo. Mengi kati yao hayaishi mwaka mumoja kama mahindi. Yanaishi miaka mingi katika kishina kimoja. Wakati wa masika yanakula jua kwa haraka, yanatoa vichwa na mbegu, na masika ikielekea kwisha yanashusha chakula chao chini, ndani ya kishina na mizizi. Machipukizi ya mwaka wenye kufuata yamefichwa pale pale kwenye usawa wa udongo, yamefunikwa na magamba ya majani ya zamani. Jua linapita juu yao. Moto wa pori unapita juu yao. Hata jembe la mutu mwenye haraka linakata tu nywele, kichwa kinabaki. Kwa hiyo jani lenye kuonekana limekufa mu Julai, mara nyingi limelala tu.

Na yanapendeza, kama mutu akikubali kwamba bustani haiko lazima ya kijani miezi 12. Melinis repens, ile fupi yenye vichwa vya rangi ya waridi vyenye kungaa jua likiwa nyuma yake, inaota bila kuitwa pembeni ya njia na katika mashamba yaliyoachwa. Monocymbium ceresiiforme inatoa vifuniko vidogo vya rangi ya kahawia nyekundu, mufano wa mitumbwi midogo. Loudetia simplex inasimama nyembamba, nyepesi, inayumba hata kama upepo ni kidogo. Hyparrhenia, zile ndefu za kuezekea nyumba, zinapita urefu wa mutu na kugeuka rangi ya kutu. Huko Afrika Kusini pepinieri zinauza Melinis repens na Themeda triandra kwa makuta kama mimea ya mapambo, na bustani ya Kirstenbosch mu Cape Town, iliyoanzishwa 1913, imejengwa juu ya wazo la kupanda mimea ya inchi yenyewe. Hapa kwetu Themeda iko mu pori, bure.

Udongo wa Penga Penga

Ili kuelewa sababu ya pili, inafaa kurudi mwaka wa 1911. Mwaka huo kiwanda cha Union Minière du Haut-Katanga kilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi, muji wenyewe ukiwa na mwaka mumoja tu. Mu 1967 kampuni iligeuka ya serikali, na baadaye ikawa Gécamines. Kwa miaka makumi, shemine ile yenye kila mukaaji anaijua ilitoa moshi wenye sulfuri na vumbi ndogo ya shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmi na arseniki. Upepo wenye nguvu zaidi hapa unatoka kusini-mashariki. Moshi ulifuata njia hiyo moja, kwenda kaskazini-magharibi, mwaka kisha mwaka, na chini ya njia hiyo ndiko kuko mutaa wa Penga Penga.

Kilichotokea pale kilipita hatua kwa hatua. Sulfuri ikichanganyika na mvua inatoa maji makali, na udongo unakuwa na asidi. Metali zinashuka na kubaki juu ya udongo, kwa sababu metali haziozi kama majani. Asidi inafanya shaba iwe nyepesi kuingia mu mizizi, na shaba nyingi inachoma mizizi. Miti ikakufa, kisha majani. Udongo ukabaki bila nguo. Mvua kali za Desemba zikakokota sehemu ya juu, yenye rutuba, na kiangazi upepo ukanyanyua iliyobaki. Sehemu kubwa ikabaki uwanja mutupu, katikati ya nyumba za watu.

Na watu wanaishi pale. Mu 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa chuo kikuu cha Leuven, Ubeljiji, walitoa matokeo ya kupima mukojo wa wakaaji wa Katanga. Wale wenye kuishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti na metali zingine kwa wingi kupita wale wa mbali, na watoto walizidi wakubwa. Utafiti wenye ulifuata ulionyesha njia zenyewe: kwa watu wakubwa mboga zina sehemu kubwa, na kwa watoto vumbi ina nafasi yake. Mutoto anacheza chini, anatia mukono mu kinywa. Hakuna mama mwenye anaweza kumuchunga saa zote.

Majaribio ya majani matatu

Swali la watafiti wa kitivo cha kilimo cha UNILU, pamoja na wenzao wa Ubeljiji, lilikuwa rahisi kusema: ni jani gani linaweza kusimama juu ya udongo wa namna hii na kuufunika? Hawakuenda kutafuta Ulaya. Walitazama vilima vya shaba vya Katanga, vile ambavyo hata mbele ya wazungu watu walikuwa wanachimba na kuyeyusha shaba. Juu ya vilima hivyo miti haioti vizuri kwa sababu shaba ni nyingi, lakini majani na maua yanaota. Wanabotania wamehesabu zaidi ya aina 600 za mimea juu ya udongo wa shaba wa Katanga, na zingine hazipatikani popote pengine duniani. Kuko hata mumea mumoja, Haumaniastrum katangense, wenye watafutaji wa madini walizoea kuuita ua la shaba, na waliufuata kama alama.

Walichagua majani matatu: Microchloa altera, ambayo vitabu vya zamani vinaiita Rendlia altera, Monocymbium ceresiiforme, ile ya mitumbwi, na Cynodon dactylon, ile yenye kutambaa ambayo karibu kila lupango inayo bila kujua. Yalipandwa kwa vipande vya vishina, si kwa mbegu, juu ya udongo uliotiwa shaba kufikia miligramu 2.500 kwa kilo, yaani gramu mbili na nusu za shaba katika kila kilo ya udongo. Sehemu zingine ziliachwa hivyo hivyo, zingine zilitiwa chokaa, gramu 200 kwa metre mraba, na zingine komposti, kilo 4,5 kwa metre mraba. Kisha wakafuata miaka miwili. Matokeo yalichapishwa 2010.

Microchloa altera ndiyo ilishinda. Juu ya udongo wa shaba bila dawa yoyote, ndiyo ilibaki hai zaidi. Monocymbium ikafuata. Cynodon, ambayo watu wengi wangeweka pesa juu yake kwa sababu inaota hata mu nyufa za simiti, haikuweza kuishi pale bila chokaa. Chokaa ilipunguza pia shaba yenye kuingia mu majani, na ilisaidia mimea kutoa vichwa vya mbegu, kupita komposti. Lakini walipoongeza komposti mara tano, Microchloa iliishi vizuri zaidi na kutoa vichwa vingi. Mu 2015 yalitoka matokeo ya miaka mitatu ya kupanda mimea ya udongo wa shaba juu ya udongo mutupu ulioharibiwa na moshi wa kiwanda.

Microchloa si jani lenye mutu angesimama kuangalia. Ni fupi, nyembamba kama nywele, na kichwa chake ni kama kiboko kidogo kilichopinda, chenye mbegu upande mumoja tu. Uzuri wake uko chini: kishina kigumu kilichofungana, chenye kushika udongo kama mukeka.

Hapa kuko jambo moja ambalo halifae kueleweka vibaya. Majani haya hayasafishi udongo. Shaba iliyoanguka kwa miaka makumi inabaki pale pale. Kazi ya majani ni kuishikisha: udongo usiruke kiangazi, usikokotwe na maji masika, na metali zisipande sana mu sehemu yenye kuonekana. Mutu mwenye kuuza wazo la jani lenye kula sumu yote katika mwaka mumoja anauza hewa.

Ufagio wa asubuhi

Adui mukubwa wa majani mu Lubumbashi si ukame. Ni ufagio. Lupango yenye kufagiwa kila asubuhi mpaka udongo ungae ndiyo alama ya nyumba yenye heshima; lupango yenye majani inaonekana ya mutu muvivu, na tena inaleta nyoka. Woga wa nyoka si wa bure, na hakuna haja ya kuucheka. Lakini angalia mambo mawili. Ufagio huo unanyanyua vumbi saa ile ile watoto wako inje. Na kila mwaka unachukua udongo kidogo: katika malupango ya zamani, fondasio ya nyumba imebaki wazi, na ngazi ya mulango ambayo muzee alijenga moja imekuwa mbili.

Si lazima kuchagua kati ya nyoka na vumbi. Karibu na nyumba, pale watoto wanacheza, panafaa majani mafupi tu, yasiyopita kifundo cha muguu, ambapo kila kitu kinaonekana: Cynodon kama udongo ni wa kawaida, Microchloa kama udongo ni mubaya. Njia za kupita zinabaki za kufagiwa, ao zinawekwa kokoto. Marefu kama Hyparrhenia yanakwenda ku ukuta, mbali na mulango na dirisha. Kuhusu mbu, majani yanasingiziwa. Mbu inazalia mu maji yaliyosimama, mu pneu ya zamani na kopo, haizalii mu majani makavu.

Kupanda, kwa wenye udongo wa kawaida

Wakati mzuri ni Desemba mpaka katikati ya Januari, mvua ikiwa imekwisha kushika na udongo umelowana mpaka chini. Wenye kupanda Oktoba juu ya mvua moja ya kudanganya wanapoteza vishina. Mutu anachimbua kishina kizima, anakipasua kwa mikono ao kwa jembe katika vipande vyenye mizizi na machipukizi matatu, mane, anakata majani yabaki kama urefu wa kidole, na anapanda siku ile ile. Kwa majani mafupi, nafasi ya shibiri moja inatosha. Kwa marefu, hatua moja. Mvua ikisimama juma zima, anamwangilia. Kisha masika hiyo ya kwanza ikipita, bido zinapumuzika.

Samadi nyingi haifai. Majani haya yamezoea udongo masikini, na ukiyalisha kama lengalenga yanarefuka, yanalala chini na kuoza katikati. Kitu yanachotaka ni kukatwa mara moja kwa mwaka, yabaki kama upana wa kiganja. Wengine wanapenda kungoja Septemba ao Oktoba ili wafurahie vichwa vya kiangazi. Lakini kama jirani ana zoezi la kuchoma takataka, ao kiwanja cha pembeni kinawaka kila mwaka mu Juni na Julai, ni afazali kukata mapema, kwa sababu Hyparrhenia kavu karibu na ukuta ni petroli. Yaliyokatwa hayatupwi: yanafunika udongo chini ya maua na miti ya matunda, marefu yanaezeka kibanda cha kuku.

Yako majani ya kukimbia pia. Imperata cylindrica, yenye vichwa vyeupe kama pamba na mizizi yenye ncha kali, ukiileta mu lupango haitatoka tena. Itapita chini ya ukuta mpaka kwa jirani. Heteropogon contortus inapendeza sana kwa macho, lakini mbegu zake zina mikuki yenye kujisokota mu soksi, mu manyoya ya mbwa, na mu ngozi. Iache mu pori.

Na vishina vitolewe wapi? Si juu ya vilima vya shaba. Kwanza, vingi viko ndani ya konsesio za makampuni, na mutu mwenye jembe pale anaweza kupata matatizo. Pili, migodi tayari imekula sehemu kubwa ya vilima hivyo, kuanzia ule wa Étoile, kule Kalukuluku, na mimea mingine haina makao mengine. Tatu, kishina cha kule kinakuja na udongo wake, na udongo huo uko na shaba; mutu atajiletea Penga Penga ndogo katika lupango yenye ilikuwa safi. Majani mengi yaliyotajwa hapa yanaota pia mu savana ya kawaida. Kiwanja chenye kitajengwa kesho, pembeni ya barabara yenye greda itapita, ndiko mahali pa kuchukua, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Kwa wenye udongo mubaya

Wakaaji wa Penga Penga na wa mitaa mingine iliyo chini ya njia ya moshi, hata wale wa Likasi na Kolwezi wenye kuishi karibu na viwanda, wako na hesabu ingine. Pale chokaa haiko mapambo. Chokaa ya kilimo iliyosagwa inatoka ku mawe ya hapa hapa Katanga, kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi. Inachanganywa na udongo wa juu pamoja na komposti mbele ya kupanda, siku isiyo na upepo, kitambaa kikiwa ku pua, na watoto wakiwa mbali.

Majani yenye kuota pale yasilishwe mbuzi, na yasigeuzwe komposti ya mboga. Na kufunika lupango kwa majani hakufanye udongo wake uwe mzuri kwa sombe ao matembele. Mboga zinataka udongo mwingine, ulioletwa kutoka mahali safi, na kuwekwa juu, mu kitalu kilichoinuliwa ao mu magunia. Na hata hivyo zioshwe vizuri kwa sababu vumbi inatua juu ya majani yake. Miti nayo inawezekana: mu Penga Penga ilipandwa katika mashimo yaliyojazwa udongo uliotengenezwa. Rangi ya udongo haionyeshe kama uko na shaba ao hapana. Ni maabara tu inaweza kusema, na kitivo cha kilimo cha UNILU, barabara ya Kasapa, kimefanya kazi hiyo miaka mingi.

Mwaka wa kwanza lupango haitapendeza. Vishina vya Desemba vitaonekana kama nywele za mutoto aliyetoka kunyolewa, na kati yao udongo utaonekana bado. Kufika Julai vyote vitakuwa na rangi ya majani makavu, na mutu wa nyumbani atasema vimekufa, tungoe. Hapo kuko namna rahisi ya kujua: kushika kishina kwa vidole na kuvuta polepole. Kikitoka kama uzi, kimekufa, na mahali pake patapandwa kingine Desemba yenye kuja. Kikikataa kutoka, kiko na mizizi, kiachwe.